Mwamba Tulioufunga

Bigwa, Jumapili alasiri

Mwanangu Skola,

Umetoka sasa hivi kwenda stendi ya Msamvu kukata tiketi, na begi lako umeliacha sebuleni likiwa wazi. Nimelipita mara mbili tatu nikijifanya naelekea jikoni. Juu kabisa umeweka fulana mpya ya mradi, na miwani ya kuzamia umeizungushia kanga yangu ya zamani ili kioo kisikwaruzike. Nikaona nikae hapa barazani niandike kabla hujarudi, na kabla mama zako wadogo hawajafika kukuaga, maana wakishafika hapatakuwa na nafasi ya maneno ya mtu mwingine.

Sitakuandikia habari za chandarua wala za kula vizuri. Umekaa chuo miaka yote hiyo na umerudi mzima. Nataka kumalizia mazungumzo yale niliyoyakimbia.

Ulikuwa unaosha figili pale bombani. Ukaniambia bila kuinua kichwa, "Mama, ile kazi nimepata. Ya kupanda matumbawe. Na nimepangiwa Mtunduni." Mimi nikaokota jembe nikaenda nyuma kwenye migomba, na sikurudi mpaka giza lilipoanza kuingia. Nadhani ulifikiri nimekasirika. Sikukasirika, Skola. Nilisikia jina la Mtunduni, na sikutaka uone uso wangu.

Mjomba wako Kasiani aliposhuka kutoka mlimani yeye alisema wazi, kama kawaida yake. "Huyu ana shamba. Ukoo umemkatia, maji yapo, migomba ipo. Sasa hiyo bahari ina nini?" Ukacheka, ukamjibu, "Mjomba, bahari ina kazi." Akanigeukia mimi akitegemea nitamuunga mkono. Nilimwongezea chai.

Wewe unaikumbuka Mtunduni, kijiji chetu kile cha pwani, kwa macho ya mtoto. Unakumbuka mchanga, unakumbuka pweza wa nazi, unakumbuka Bi Somoe akikufundisha kusuka ukili wa mikeka, na vidole vyako vikichoka akikusukia yeye kisha anawaambia wenzake kazi ile ni yako. Unajua kwamba alikufa maji. Ulikuwa darasa la tano, hukuwa mtu wa kuelezwa zaidi ya hapo. Sasa unakwenda kuishi katikati ya watoto wake na wajukuu zake, na sitaki usikie kwao kabla ya kusikia kwangu.

Mimi nimezaliwa juu kule Matombo, na maji makubwa niliyoyajua ni ya mto unaovukwa kwa kurukia mawe. Baba yako alipofariki wewe ulikuwa bado kibogoyo wa meno ya mbele. Nilikuwa na cheti cha maendeleo ya jamii, nilikuwa na mtoto, na kulikuwa na mradi unatafuta mwanamke wa kukaa na wanawake wa pwani. Wenzangu pale mradini walizama, walipima, walipiga picha. Kazi yangu mimi ilikuwa kuongea. Na niliongea vizuri. Ukisoma haya yanayofuata ulikumbuke hilo, kwa sababu kama ningekuwa mzito wa kusema huenda nisingekuwa na barua hii ya kuandika.

Siku niliyotambulishwa kwa wanawake wa pweza, Bi Somoe ndiye aliyekuwa mkubwa wao. Nilimwamkia, "Shikamoo Bi Somoe." Akaitikia marahaba, akanitazama viatu. "Mtu wa wapi?"

"Morogoro. Mluguru."

"Wametuletea mtu wa mlimani," akawaambia wenzake, na wote wakaangua kicheko. Kisha akaniuliza, "Unajua kuogelea?"

"Hapana."

"Basi usitufuate mbali. Tutakuja kupata kesi."

Nilianza kumpenda hapo hapo. Bamvua ilipofika, zile siku ambazo maji hupwa mpaka mwamba unabaki wazi kama uwanja, alinichukua. Kila mmoja alikuwa na chuma chake chembamba na mfuko kiunoni. Alinionyesha tundu la pweza linavyojulikana kwa maganda ya kaa aliyoyasukumia nje ya mlango wake. Nilikanyaga vibaya nikajikata, akanifunga mguu kwa kipande cha kanga yake bila kuacha kuongea na wengine.

Baadaye kijana mmoja wa mradi alinivisha miwani akanishika mkono tukaingia kwenye maji marefu. Nilitegemea kuona mawe. Skola, wewe umeyaona na umeyasomea, huna haja nikuhadithie, lakini fikiria mtu aliyekulia kwenye mashamba ya mlimani anatazama chini na kuona vitu kama kabichi, kama pembe za swala, kama uyoga, vyote ni hai, vyote vina rangi, na samaki wanaingia na kutoka kama watu sokoni. Na kelele. Hakuna aliyekuwa ameniambia mwamba una kelele, ule mchatiko kama wa vitunguu kwenye mafuta ya moto usionyamaza hata kidogo. Nilipotoka nilimweleza Bi Somoe. Akasema, "Ndiyo. Ukilala ndani ya mtumbwi unausikia kwenye mbao."

Tulikaa vizuri mpaka walipoanza kuja watu wa baruti. Hawakuwa wa kijiji kile. Walikuja na boti ya mashine wakati maji yamepwa, wakarusha chupa moja, samaki wakaelea matumbo juu, wakazoa wale wakubwa wakaondoka. Chini kulibaki kifusi. Mahali palipopigwa bomu hapaoti kitu kwa miaka mingi, maana vipande vinaviringishwa na maji na hakuna kinachoweza kushika. Wanaume walikwenda kutoa taarifa, wakarudi, wakaenda tena.

Bi Somoe hakwenda kokote. Boti ilipoonekana safari iliyofuata, aliwakusanya wanawake wake wakaingia kwenye mwamba, wakapanga mstari, wengine maji ya magoti, wengine ya kiuno. Na mimi nilikuwemo, nimeshika mkono wa Mwajuma, mke wa mwana wa Bi Somoe, nikisali rozari kimoyomoyo. Boti ikazima mashine. Mwanamume mmoja akasimama akasema, "Bibi, tokeni hapo, mtakufa bure."

Bi Somoe akamwambia, "Sisi tumekuja kutafuta pweza. Wewe umekuja kufanya nini?"

Akawasha mashine. Walizunguka, wakazunguka, wakaondoka. Walirudi siku nyingine wakatukuta tumesimama vile vile. Ikafika wakati hawakuja tena.

Ushindi ule ndio ulionipoteza. Nilitoka pale nikiamini kwamba watu wakikubaliana na wakavumilia, mwamba unapona. Sikufikiri kwamba tuliwashinda wale kwa sababu walikuwa na macho, na mtu mwenye macho anaweza kuona aibu mbele ya wanawake waliosimama kwenye maji. Kilichokuja baadaye hakikuwa na macho.

Mradi ukataka mwamba mmoja ufungwe moja kwa moja, asiingie mtu kuvua wala kutembea juu yake, ili tupande matumbawe pale palipobomolewa. Waliochora ramani walichagua Mwamba Mdogo, ule ulio karibu na ufuko. Ulikuwa wa wanawake. Wanaume wana mitumbwi, wanaweza kwenda wanakotaka. Wanawake wanatembea kwa miguu. Nilijua hilo, na ndiyo maana nilitumwa mimi kuongea nao.

Tulikaa kwenye uwanja wa shule. Nilizungumza kwa muda mrefu na hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, Bi Somoe akauliza, "Tukifunga hapa, tutakwenda wapi?"

"Mwamba wa Nje. Kwa muda."

Mwamba wa Nje uko ng'ambo ya mkondo. Kwa miguu unavukwa maji yakiwa yamepwa kabisa, na lazima mtu arudi kabla hayajageuka. Sote tuliokuwa pale tulilijua hilo.

"Muda gani?"

"Miaka michache. Siku mtakayoufungua mtaukuta umejaa."

Akawatazama wenzake mmoja mmoja. Kisha akasema, "Huyu alisimama na sisi kwenye maji. Kama anasema tufunge, mimi nafunga." Na wengine wakafunga, kwa neno lake kuliko langu.

Tulipanda matumbawe. Unakumbuka; ulikuja Jumamosi moja na sare ya shule ukafunga kipande chako kwa uzi kwenye kichanja cha chuma ukakiita Tatu, jina la rafiki yako. Vipande vilishika. Vilinenepa, vikatoa vidole. Samaki wadogo wakaanza kujificha humo, na Bi Somoe, aliyekuwa hana kazi tena pale, alikuwa akija kusimama ufukoni akiwa amefunika macho kwa mkono, akitazama maji kama mtu anayetazama mahindi yake.

Kisha ukaja ule msimu wa joto. Maji ya asubuhi yalikuwa vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mwanzoni matumbawe yalizidi kupendeza, yakawa na rangi ambazo hatukuwahi kuziona, na mimi mjinga nikashangilia. Yule kijana wa kuzamia aliporudi juu alivua miwani akakaa kwenye ukingo wa boti. Siku chache baadaye yalikuwa meupe, Mwamba Mdogo wote na wa Nje wote, weupe wa mfupa uliolambwa na jua.

Kwako hili ni somo la darasani: tumbawe linaishi na kimea kidogo ndani ya mwili wake, kinacholipa rangi na chakula, na joto likizidi linakitema. Lakini darasani huwa hawakwambii kwamba hapo bado liko hai. Majuma kadhaa liko hai, jeupe, linakufa njaa, na wewe uko juu yake na mikono yako miwili. Kama ni baruti ungesimama mbele yake. Kama ni nyavu ungezivuta. Tulikuwa tunaingia majini kila siku kwenda kutazama, mimi nikishikwa mkono kama zamani, basi. Halafu ukungu wa kijani ukaota juu ya vile vidole vyeupe, na nikagundua kwamba kwa siku kadhaa sijausikia ule mchatiko wa vitunguu. Kulikuwa na sauti ya pumzi zangu tu.

Bi Somoe alinisubiri ufukoni. Alikuwa amekaa, anatoa mchanga katikati ya vidole vya miguu.

"Nasikia maji yamechemka," akasema.

"Ndiyo, Bi Somoe."

"Nani anayeyachemsha?"

Nikamweleza. Nilimweleza kuhusu moshi, viwanda, magari, ndege, nchi za mbali na miji yetu wenyewe, hewa inavyoshika joto na bahari inavyolibeba. Alisikiliza mpaka mwisho. Katika nyumba yake hapakuwa na hata jiko la gesi.

"Kwa hiyo sisi tumefunga mwamba," akasema. "Na wao wamefunga nini?"

Nimekaa kwenye semina nyingi baada ya siku ile, Skola. Nimesikia watu wenye akili sana. Sijasikia jibu la swali lile, na wewe pia hutalikuta huko uendako. Mwenyewe Bi Somoe hakulingoja. Alikuwa na swali jingine, ambalo ndilo lililomtoa nyumbani.

"Na huu wetu, utarudi?"

Nilikuwa nimesoma kwamba kuna mahali mwamba uliwahi kupauka ukarudi, na ni kweli. Ningeweza kumwambia hivyo: kuna mahali ulirudi, kuna mahali haukurudi, huu sijui. Lakini alikuwa ananitazama kama alivyonitazama uwanjani pa shule, na mimi kazi yangu ilikuwa kuongea. Nikasema, "Utarudi. Tukiuacha upumzike, utarudi." Nilisema kwa sauti ile ile nzuri. Na nilijiamini, sikuwa namdanganya. Ndiyo maana mpaka leo naogopa kitu chochote ninachokisema kwa kujiamini.

Wakaendelea kuufunga. Bamvua baada ya bamvua walikwenda Mwamba wa Nje, nao ulikuwa umekufa pia, kwa hiyo pweza walikuwa wachache na ilibidi watembee zaidi na wachelewe zaidi. Wanaume walianza kuwacheka. Wajukuu wa Bi Somoe walianza kuja kwetu saa za chakula, unakumbuka, nawe ukadhani wamekuja kucheza. Magoti yake yalikuwa yameanza kuuma. Mwajuma alimwambia abaki nyumbani, akamjibu kwamba akibaki, wengine watasema mkubwa wao amekata tamaa, nao wataufungua mwamba.

Siku yenyewe wewe ulikuwa shule. Walivuka asubuhi. Maji yalipoanza kugeuka waliitana, wakaanza kurudi, na Bi Somoe akabaki nyuma. Mwajuma alishavuka mkondo alipogeuka kumtazama. Alimwona maji yamemfika kifuani, anatembea, mfuko wake ameushika. Aliniambia hakupiga kelele wala hakunyoosha mkono. Alikuwa anatembea kama mtu anayejua njia. Kisha Mwajuma akaangalia chini aone anapokanyaga, na alipoinua macho tena hakumwona.

Wanaume walimpata kabla ya jua kuzama, upande wa mikoko. Walimleta kwa mtumbwi, na mtumbwi ule ulipita juu ya Mwamba Mdogo, maana ndiyo njia fupi ya kufika ufukoni. Pale maji yakipwa hayazidi magoti. Mtoto anaweza kuokota pweza bila kulowesha sketi. Ulikuwa umefungwa, na ulikuwa umekufa, na hakuna hata mmoja wa wanawake wale aliyekuwa ameukanyaga tangu tuufunge.

Nilikaa matangani na wanawake. Walinipa nafasi kwenye mkeka, wakanimiminia uji. Hakuna aliyenisema. Ningepona mapema kama mmoja wao angenisema.

Baada ya arobaini walikuja nyumbani, Mwajuma mbele. Walikaa wote chini, nami nikakaa chini. Mwajuma akasema, "Mama Skola, tumekuja kuomba. Tunaweza kuufungua sasa?"

Walikuwa wanaomba ruhusa kwangu. Mwamba ambao bibi za bibi zao walikuwa wakitembea juu yake kabla babu yangu hajajua kama kuna bahari. Nilitikisa kichwa kukubali, na ilibidi wanisubiri niseme, kwa sababu walitaka kusikia neno. Nikasema, "Fungueni."

Bamvua iliyofuata nilisimama ufukoni. Waliingia na vyuma vyao, wakatawanyika. Walirudi mapema kuliko nilivyotegemea na mifuko ilikuwa imelala kiunoni. Mwajuma alinipitia, akatoa pweza mmoja, mdogo, mwembamba, wa kuonewa huruma. "Mpelekee Skola," akasema, "anapenda wa nazi." Nilimpika. Ulikula, ukaniuliza kwa nini mimi sili, nikakwambia tumbo linaniuma.

Mwezi ule ule nikafunga mizigo tukaja huku. Nilidhani nimekwenda mbali. Nikasema nitalima mchicha, nitaamka niutazame mlima wetu, basi. Lakini wewe umekulia hapa, umeona. Kila mwaka moto unapanda juu zaidi na msitu unakuwa kofia ndogo kichwani pa mlima. Mvua ikinyesha, maji yanashuka hapa Bigwa rangi ya tofali, yanaingia mto Ngerengere, yanaingia Ruvu, yanakwenda baharini na udongo wa mashamba ya wajomba zako, na huko yanaumwaga juu ya matumbawe ya watu wengine ambao hawajawahi kutusikia. Niliwahi kumwambia Kasiani asichome ule mteremko. Akaniuliza, "Na watoto wale nini?" Nikamsaidia kubeba mbegu.

Na joto la bahari limerudi tena, wewe mwenyewe ulikuwa pwani kwa mafunzo, ukarudi ukashinda unapalilia mchicha. Hukuniambia ulichokiona, nami sikukuuliza. Kwa hiyo sielewi kwa nini unakwenda kupanda tena palepale. Nilikuuliza jioni ile niliporudi kutoka kwenye migomba, mikono bado ina udongo. "Unajua yatakufa?"

Ukasema, "Najua yanaweza kufa yote, Mama."

"Sasa unakwenda kufanya nini?"

Ukafikiri, ukasema, "Nakwenda kuwepo."

Sikukuelewa. Nililala nikilichukia jibu lile, nikaona ni maneno ya vijana. Leo nimeandika mpaka hapa ndipo naliona vizuri kidogo, na bado halinipi raha. Sina tumaini la kukufungia kwenye begi. Kama ningekuwa nalo ningeogopa kukupa. Nadhani mwamba ule umekwisha, na vile vipande mtakavyofunga navyo vitakuwa vyeupe siku moja asubuhi, na utakuwa juu yake na mikono yako miwili kama mimi. Natamani nikukataze. Nilishalitoa lile begi nje mara moja wakati unaoga, nikalirudisha.

Basi nisikilize neno moja tu. Mwajuma sasa ndiye mkubwa wao. Atakupokea, atakuita mwanangu, atakupikia. Na siku moja, kabla hawajakubali kufunga chochote, atakuuliza kama mwamba utarudi. Utaona jinsi anavyokutazama, na mdomo wako utakuwa tayari, maana umerithi ulimi wangu. Mwambie hujui. Mwambie hivyo mbele ya wenzake wote, waamue wakiwa wanajua, na wakikataa, wawe wamekataa. Na kama wamefunga na maji yakachemka tena, nenda ukawaambie siku hiyo hiyo kwamba umekufa, wafungue, wasivuke mkondo kwa ajili ya mawe.

Ukishasema hivyo patakuwa na kimya kibaya sana. Hawatakufukuza, hawatakutukana, watakumiminia uji. Utatamani kuinuka uondoke.

Kaa, Skola. Mimi hapo ndipo nilipoinuka.

Mama yako